Tochi huzimwa, betri haizimwi: Jihadhari na moto uliojificha kabatini

Na Mwandishi Wetu

Ukimwuliza mama au baba yeyote wa Soy ni kitu gani nyumbani kwake kinachoweza kuzua moto, hatakawia kukujibu. Atataja jiko la makaa, koroboi, mtungi wa gesi, kiberiti mkononi mwa mtoto na labda nyaya za stima zilizounganishwa na fundi wa bei nafuu. Ni nadra umsikie akitaja ule mkebe ulio juu ya kabati. Humo ndani mawe ya tochi yaliyokwisha nguvu, betri ya simu ya zamani, funguo zisizojulikana mlango wake, misumari na sarafu vimekaa pamoja kwa miaka mingi bila kumshughulisha mtu.

Lakini mkebe huo una kila kitu kinachohitajika ili moto uwake. Una nguvu za umeme ndani ya betri, una vyuma vya kuzipitisha, na mara nyingi una risiti na vipande vya karatasi vya kushika moto. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na pengine leo wangeongeza kwamba kiunguzacho ki kabatini mwako.

Soy, kituo cha biashara kilicho kando ya barabara kuu ya kutoka Eldoret kwenda Kitale katika Kaunti ya Uasin Gishu, ni mfano mzuri wa jinsi mambo yalivyobadilika mashambani. Zamani mwangaza wa usiku ulikuwa wa koroboi au taa ya chemni. Hatari yake ilionekana kwa macho. Kila mtoto alijua kuwa ule ni moto, na kila mzazi alihakikisha umezimwa kabla ya watu kulala.

Siku hizi hali si ile. Mradi wa serikali wa kusambaza umeme vijijini, ule wa Last Mile ulioanzishwa mwaka wa 2015, umefikisha stima katika maboma mengi ya Kenya, na mahali ambapo nyaya hazijafika watu wameweka sola. Hata hivyo, stima nayo hupotea. Wengi hawajasahau Agosti 25, 2023, ambapo karibu nchi nzima ilitumbukia gizani kwa saa nyingi, hata uwanja mkuu wa ndege jijini Nairobi ukaathirika. Kwa sababu hiyo, hakuna boma lisilokuwa na tochi, taa ya kuchaji, pawabanki, redio na simu mbili tatu. Mkulima anayetoka usiku kumwangalia ng'ombe anayezaa hawezi kuitegemea stima peke yake.

Matokeo ni kwamba nyumba ya kawaida sasa ina betri nyingi kuliko njiti za kiberiti. Na kwa kuwa betri haitoi moshi wala mwali, tumeacha kuihesabu miongoni mwa vitu vya kuchungwa.

Swichi ni ya tochi

Hebu tuanze kwa kueleza jinsi betri inavyofanya kazi, maana anayeelewa jambo hili hatahitaji kukumbushwa mengine.

Jiwe la tochi ni kikebe kilichojazwa kemikali. Lina ncha mbili, ncha chanya na ncha hasi. Kemikali zilizomo huwa tayari wakati wote kusukuma umeme kutoka ncha moja hadi nyingine, mradi zipate njia. Ndani ya tochi, njia hiyo hupitia kwenye balbu, na swichi ndiyo mlango wake. Unapoizima tochi unafunga mlango huo tu. Betri yenyewe hujaigusa, nayo haina swichi yake.

Sasa itoe betri hiyo kwenye tochi uitupe ndani ya droo. Mlango umeondoka. Kitu chochote cha chuma kitakachogusa ncha zote mbili kwa pamoja kitakuwa njia, uwe ni ufunguo, sarafu, pini ya nywele au karatasi ng'aavu ya pakiti ya sigara. Balbu huuzuia umeme usipite kwa kasi, lakini ufunguo hauuzuii. Umeme wote uliobaki hutoka kwa mkupuo mmoja na kugeuka kuwa joto. Hali hii ndiyo mafundi wetu huiita shoti.

Chuma kinachopitisha umeme huo kikiwa chembamba, ndivyo kinavyopata moto haraka. Ndiyo sababu ule waya laini wa kusugulia sufuria, wenye nyuzi nyembamba kama pamba, ni jirani mbaya sana wa betri. Nyuzi zake zikigusa ncha za betri ya mraba ya volti 9, hugeuka nyekundu na kuanza kuwaka kwa sekunde chache tu. Watu wanaopenda kupiga kambi porini hutumia njia hiyo kwa makusudi kuwasha moto. Jikoni mwako hali hiyo inaweza kutokea bila kukusudiwa na yeyote.

Na usidanganyike kwamba betri iliyokufa imekufa kabisa. Tochi inapofifia, maana yake ni kuwa betri haina nguvu za kutosha kuwasha balbu vizuri. Kiasi fulani hubakia ndani, nacho kinaweza kutosha kupasha ufunguo au uzi wa chuma joto.

Funzo la ndege ya Ethiopia

Iwapo bado unafikiri haya ni vitisho vitupu, tazama lililotokea Julai 12, 2013. Siku hiyo ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 787 Dreamliner ilikuwa imeegeshwa katika uwanja wa Heathrow, London. Ilikuwa imewasili asubuhi kutoka Addis Ababa. Abiria walikuwa wameshuka zamani, mitambo ilikuwa imezimwa na hapakuwa na mtu ndani. Alasiri moshi ukaonekana ukitoka sehemu ya nyuma, na moto ukaiharibu paa ya ndege karibu na mkia.

Wachunguzi wa Uingereza waligundua kwamba moto huo ulitokea mahali palipokuwa na kifaa kidogo cha kutoa ishara endapo ndege itaanguka. Kifaa hicho kina betri zake za lithiamu zisizotegemea umeme wa ndege. Nyaya za betri hizo zilikuwa zimebanwa chini ya kifuniko, zikagusana na kupiga shoti. Kwa maneno mengine, ndege kubwa ya kisasa ilikuwa imezimwa yote, isipokuwa betri moja ambayo haina namna ya kuzimwa.

Mashirika ya ndege yanalijua jambo hili vyema. Ndiyo maana msafiri huagizwa kubeba betri zake za akiba na pawabanki kwenye mkoba wa mkononi wala si katika mzigo unaoingizwa chini ya ndege, na ncha za betri hizo ziwe zimekingwa zisiguse chuma. Mkobani, moshi ukitokea utaonekana mapema na wahudumu wataudhibiti. Tangu Aprili 1, 2016, shirika la kimataifa la usafiri wa angani lilipiga marufuku kusafirisha betri za lithiamu za kuchaji kama shehena katika ndege za abiria. Ikiwa tahadhari hiyo inafaa angani, bila shaka inafaa pia katika nyumba ya mbao ambamo watoto wamelala.

Zipi za kuogopwa zaidi?

Betri zote si sawa, na ni vyema mzazi azijue kwa aina zake.

Mawe ya kawaida ya volti 1.5, yale ya tochi na redio, hayana hatari kubwa likiwa moja moja. Likipigwa shoti hupata joto na huenda likavuja maji yanayochoma ngozi. Hatari huongezeka yanaporundikwa mengi pamoja na vyuma na karatasi, hasa ndani ya mkebe wa bati, kwa kuwa mkebe wenyewe hupitisha umeme.

Betri ya mraba ya volti 9 inahitaji uangalifu zaidi. Hutumiwa katika vipaza sauti vya kanisani visivyo na waya, vipimo vya mafundi wa umeme na vifaa vya kutambua moshi. Ncha zake zote mbili ziko upande mmoja, umbali wa kama sentimita moja hivi. Sarafu moja tu inatosha kuziunganisha.

Kisha kuna betri za lithiamu za kuchaji. Hizi ndizo zilizo ndani ya simu, pawabanki, kompyuta za mkononi, taa nyingi za sola na tochi nyingi za kisasa. Ziliingia sokoni mwaka wa 1991 kupitia kampuni ya Sony ya Japani, na mwaka wa 2019 wanasayansi watatu waliozifanyia kazi, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walituzwa Nobeli ya kemia. Sifa yao kubwa ni kubeba nguvu nyingi katika umbo dogo. Lakini maji yaliyomo ndani yake hushika moto. Betri ya aina hii ikitobolewa, ikipondwa, ikichajiwa kupita kiasi au ikipigwa shoti, joto lake huzaa joto jingine hadi ilipuke kwa mwali na moshi wenye sumu. Mwaka wa 2016 kampuni ya Samsung ililazimika kuziondoa sokoni simu zake za Galaxy Note 7 ulimwenguni kote kwa sababu betri zake zilikuwa zikiwaka moto.

Katika nyumba nyingi betri hizi huzagaa ovyo. Ile simu ya mulika mwizi ikiharibika, betri yake huchomolewa na kutiwa mfukoni pamoja na funguo na sarafu. Huo ni mkebe wa hatari unaotembea.

Mwisho ni vibetri vidogo vya mviringo vya saa na rimoti. Hivi tishio lake kubwa ni kwa watoto wadogo. Mtoto akimeza kibetri hicho, kinaweza kuunguza koo lake vibaya kwa muda wa saa mbili tu. Usingoje kitoke chenyewe wala usimtapishe. Mkimbize hospitalini mara moja, na waeleze madaktari kwamba ni betri.

Mazoea ya kuachwa

Nani hajawahi kusikia mazungumzo kama haya kibarazani jioni?

"Kogo, redio imenyamaza."

"Toa mawe uyaanike juani kesho, mjukuu wangu. Jioni tutasikia habari."

Kwa heshima zote kwa Kogo, ni kweli kwamba joto huziamsha kemikali kidogo na redio ikapata kuimba kwa muda mfupi. Lakini mjukuu aliyejifunza hivyo, siku ya mvua atayaweka mawe hayo kando ya meko ili yapate joto haraka. Hapo yanaweza kupasuka na kumrushia kemikali machoni. Na akikua, atajaribu ujanja huo kwa betri ya simu, jambo ambalo ni hatari mara nyingi zaidi.

Zoea jingine ni kutupa betri katika shimo la taka kisha kuwasha moto. Betri iliyozibwa pande zote ikipashwa joto hujaa hewa ndani na kulipuka, na vipande vyake huwafikia watoto ambao hupenda kusimama wakitazama taka zikiungua.

La tatu ni kuchaji simu juu ya kitanda au chini ya mto usiku kucha. Simu inapochajiwa hutoa joto, na godoro huzuia joto hilo lisitoke. Isitoshe, godoro la povu hushika moto upesi na moshi wake huua kabla ya mwali kufika. Mahali pa kuchajia simu ni juu ya meza ngumu au sakafu ya saruji, mbali na pazia na nguo.

La nne ni kupuuza betri iliyovimba. Ukiona kifuniko cha simu kimeinuka au pawabanki imefura kama andazi, acha kuitumia siku hiyo hiyo. Usiibonyeze wala usiitoboe ukidhani unatoa hewa.

Betri ya gari na ya trekta

Wenye umri wa kukumbuka miaka ya themanini na tisini wanajua jinsi betri ya gari ilivyobebwa kwa baiskeli hadi senta kwenda kuchajiwa, ili jioni watu watazame habari na mpira kwenye runinga. Hadi leo betri hizo zipo mashambani. Kuna za trekta, za sola na zile za nyaya za umeme zinazozuia mifugo.

Betri hii inapochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni. Haidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa iliyomo chumbani, cheche moja inaweza kuilipua, na mlipuko humwaga asidi. Kwa hiyo ichaji mahali penye hewa, madirisha yakiwa wazi, pasipo koroboi, jiko wala sigara. Zima chaja kwanza ndipo utoe vibanio, kwa sababu kukitoa kibanio kikiwa na umeme huzua cheche. Anayeishughulikia avue pete, saa na bangili ya chuma, maana spana au pete ikiunganisha ncha mbili hugeuka nyekundu papo hapo. Asidi ikiingia machoni, osha papo hapo kwa maji mengi safi, kisha umtafute daktari.

Angalia pia inakolala betri hiyo. Mavuno ya mahindi yakishaisha mwezi wa Oktoba na Novemba, kiangazi huingia na stoo hujaa magunia, mabua na marobota ya nyasi kavu. Trekta nayo huwa haina kazi nyingi, na betri yake huwekwa humo humo. Hapo mkulima ameweka kiberiti na kuni katika chumba kimoja.

Nyasi zenyewe zina siri yake. Zikifungwa marobota kabla hazijakauka vizuri, vijidudu vidogo visivyoonekana huzichachusha na kuzipasha joto kutoka ndani. Joto hilo likipita nyuzi 70 hatari imeingia, kwani rundo linaweza kujiwasha bila kuguswa na mtu. Ili kupima, chomeka ufito mrefu wa chuma katikati ya rundo, uuache kwa muda kisha uutoe. Ukishindwa kuushika kwa joto, rundo hilo si salama. Matambara yaliyopakwa mafuta ya linsidi ya kung'arishia mbao hujiwasha vivyo hivyo yakirundikwa, hivyo seremala ayatandaze nje yakauke moja moja.

Ufanye nini?

Habari njema ni kwamba kinga ya moto wa betri ni rahisi, na karibu haina gharama.

Kwanza, acha betri mpya ndani ya pakiti yake hadi siku ya kuitumia.

Pili, betri iliyotolewa, iwe nzima au imekwisha, ifunikwe ncha zake kwa selotepu au ile tepu nyeusi ya mafundi wa stima. Kipande kidogo cha tepu hufanya kazi ya swichi ambayo betri ilinyimwa.

Tatu, weka betri katika chombo cha plastiki au boksi dogo, pasiwe na chuma chochote ndani, na kiwe mahali ambapo mtoto hafikii. Zipange zikielekea upande mmoja badala ya kuzimwaga.

Nne, waya wa kusugulia sufuria ukae karibu na maji, mbali kabisa na droo ya betri.

Tano, usichanganye mawe mapya na ya zamani katika tochi moja. Yale yenye nguvu huyalazimisha yaliyochoka, nayo huvuja. Kifaa kisichotumika kwa muda mrefu kitolewe mawe yake.

Sita, nunua chaja inayolingana na kifaa chako. Chaja ya shilingi chache isiyojulikana ilikotoka inaweza kukugharimu nyumba.

Moto ukitokea

Kifaa kikianza kufuka moshi, usikiinue kwa mikono. Kama kimechomekwa kwenye stima, zima swichi ukutani au swichi kuu. Betri ndogo ya lithiamu inayowaka hupozwa kwa maji mengi, na uendelee kumwagia hata mwali ukizimika, kwa sababu joto la ndani huweza kuiwasha tena. Lakini usimwagie maji kitu ambacho bado kina stima.

Ikiwa moto umeshashika pazia au godoro, usijifanye shujaa. Toa watu wote nje, funga mlango nyuma yenu na wainamishe watoto chini ya moshi. Piga simu 999 au 112. Boma lililo shambani liko mbali na kituo cha zimamoto, na moto katika nyumba ya mbao hausubiri. Asirudi mtu ndani kuchukua simu wala kitambulisho.

Aliyeungua apozwe mahali palipoungua kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20. Usimpake dawa ya meno, unga, siagi wala yai. Mfunike kwa kitambaa safi kisha umpeleke kituo cha afya kilicho karibu, na akiwa ameungua sana wataweza kumtuma Hospitali ya Rufaa ya Moi jijini Eldoret.

Mpenzi msomaji, kazi hii haihitaji fundi wala fedha. Inahitaji robo saa ya Jumapili alasiri. Teremsha mkebe ule, waite watoto waketi nawe, na mtenge pamoja betri upande wake na vyuma upande wake. Mpe kila mmoja kipande cha tepu afunike ncha. Mtoto aliyeshiriki kazi hiyo mara moja hatatupa tena betri mfukoni pamoja na sarafu, na huenda akamfundisha hata Kogo.